Jibu: Ukoka gani chini ya mwembe, Mombasa?

Ndugu, umeuliza kama nyasi za Kikuyu ulizoziona Nairobi zitafaa uani kwako Nyali, penye mwembe mkubwa. Hapana, usipoteze pesa. Zile ni za nyanda za juu zenye baridi, tena zinapenda jua. Kivulini hudhoofika, ukabaki na vipara. Panda nyasi za Pemba: jani lake pana, zinavumilia joto la pwani na kivuli kiasi.

Ila kwanza maliza ndago, yale magugu yanayofanana na nyasi, na hapa nakusihi usiwe na haraka. Chimba mpaka utoe vile viazi vyake vidogo, mwagilia, subiri wiki 3, zikichipua rudia. Halafu changanya samadi iliyooza, pachika vipandikizi kila sentimita 15 masika yakianza. Shinani kabisa pa mwembe pasipandwe kitu.