Nyangumi na popo: kipi ni urithi, kipi kila mmoja alijipatia?

Swali: Daktari, binti yangu amepewa kazi ya kulinganisha nyangumi na popo. Tumesoma kwamba wote ni mamalia, na kwamba wote huwinda kwa kusikiliza mwangwi. Je, uwezo huo waliurithi kwa babu mmoja?

Jibu: Hapana, ndugu yangu, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Walichorithi ni mkono. Mwangwi kila mmoja aliupata kivyake.

Tuanze na mkono. Ukilinyoosha bawa la popo mbele ya taa utaona ngozi inayopitisha mwanga, na ndani yake vidole vinne virefu, vyembamba kama njiti za mwavuli. Gumba limebaki nje na ukucha wake. Pezi la nyangumi kwa nje ni kasia tupu, kiwiko hukioni. Mara ya kwanza nilipolichuna moja hadi mfupani nilinyamaza kwa muda. Mfupa mmoja mnene wa juu, miwili ya kigasha, vifupa vya kifundo, kisha vidole, tena vyenye pingili nyingi kuliko vyetu. Mpangilio ni uleule wa popo, na uleule wa mkono ulioshika kisu.

Kuhusu mwangwi, kwanza binti yako asiandike "nyangumi wote". Nyangumi wa bluu, anayefikia urefu wa karibu mita 30, hana meno. Huchuja uduvi na hawindi kwa mwangwi. Wanaowinda hivyo ni wenye meno, pomboo wakiwemo. Vivyo hivyo popo wengi wala matunda hutegemea macho na pua.

Sasa tazama vifaa vyenyewe. Popo hutoa mlio kwenye zoloto, hapo tunapotolea sauti sisi, akautoa nje kwa mdomo au pua. Anapomkaribia mdudu huongeza kasi, hata milio 200 kwa sekunde. Pomboo hatumii zoloto: mlio wake hutoka kwenye njia ya pua, chini ya tundu la kupumulia, na mafuta yaliyo kwenye paji la uso huukusanya kuuelekeza mbele. Popo hupokea mwangwi kwa masikio yake makubwa. Pomboo akiwa na masikio kama hayo yasingemfaa, maana sauti hupita mwilini kirahisi karibu kama inavyopita majini, kwa takriban mita 1,500 kwa sekunde dhidi ya 340 hewani. Yeye huupokea kwa taya la chini, ambalo mafuta yake huupeleka hadi sikio la ndani. Kama wangerithi kifaa kimoja, tungetarajia kukiona pia kwa ndugu zao wa karibu. Kiboko, aliye jamaa wa karibu zaidi wa nyangumi kati ya wanyama wanaoishi leo, hana.

Kuna jambo moja linaloweza kumchanganya. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba jeni ya prestini, protini inayosaidia seli za sikio kukuza sauti, ina mabadiliko yanayofanana kwa popo na kwa pomboo. Mti wa ukoo ukichorwa kwa jeni hiyo pekee, pomboo anaangukia miongoni mwa popo. Akiukuta mchoro huo asishtuke: kazi moja imeibadili jeni ileile mara mbili, katika koo mbili zilizoachana zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita.