Subaru STI kila siku hapa Lubumbashi: jibu langu kwa ndugu wa Kolwezi

Wiki iliyopita ndugu mmoja wa Kolwezi aliniandikia usiku: "Yaya (kaka), nimeweka franka pembeni, nataka kuingiza Subaru STI kutoka Japani, niende nayo kazini kila siku. Watu wananicheka. Wewe unafanyaje?" Nikaanza kumjibu kwenye simu, vidole vikachoka. Basi namjibu hapa, na ninyi mnaoniuliza lilelile kila nikiweka picha ya gari, jibu lenu ni hilihili.

Inawezekana. Naendesha Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2006, ile yenye taa za mbele tunazoziita macho ya mwewe, rangi ya bluu, na sina gari lingine. Inanipeleka kazini, inapeleka watoto shule, inabeba gunia la unga kutoka soko la Kenya, komini ya hapa mjini, inaenda Likasi kwa wakwe. Msimu wa mvua umeisha tena na bado iko barabarani, wakati gari mbili za majirani zangu, zile za "akili", zimelala uani zikingoja vipuri. Sisemi kwa kuwacheka. Nasema kwa sababu walinicheka wao kwanza.

Kwa nini mtu anataka gari la namna hii sitaeleza. Hakuna anayesoma hapa ambaye analala akiota Toyota Noah, kile kibasi cha familia. Na safari ya gari yenyewe, Dar es Salaam, Tunduma, Nakonde, Copperbelt ya Zambia mpaka forodha yetu ya Kasumbalesa, nairuka: ni karatasi, foleni, halafu karatasi tena. Utaipitia mwenyewe na utanenepa kwa mikate ya njiani.

Twende kwenye esansi, yaani petroli, kwa sababu hapo ndipo wengi wanazikia injini zao. STI ya soko la Japani ina injini ya lita 2.0 yenye turbo (feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini), nguvu za farasi 280, na imepangwa kwa esansi ya daraja la juu ya kule, yenye oktani karibu 100, yaani inayostahimili zaidi kabla ya kujiwakia yenyewe. Ukiilisha ya chini na ukaikanyaga, mchanganyiko unawaka kabla ya wakati wake ndani ya silinda. Utasikia mlio mkavu, tik-tik-tik, hasa ukiwa vitesi (gia) ya nne au ya tano kwenye mwendo mdogo na ukataka kupita lori kwa kukanyaga tu. Injini ina kihisio kinachosikia mlio huo, kompyuta ya injini inachelewesha moto wa buji (plagi), nguvu inashuka. Hiyo ndiyo huruma yake ya kwanza. Ukiendelea, zile kingo nyembamba za pistoni zinazoshika ringi zinapasuka, na hapo utaijua bei ya injini.

Kwa hiyo: usinunue kwa kadhafi, wale wauza esansi wa pembeni ya barabara. Hata kama foleni ya pampu inafika barabarani, hata kama kijana wa bidoni (dumu) anakuita "patro", bosi. Jaza pampu ileile kila mara, pampu inayouza sana, ambayo matangi yake hayakai na esansi ya zamani. Shuka vitesi kabla ya kukanyaga. Na ukiweza, mtafute mtu akupangie kompyuta ya injini kwa esansi ya hapa. Yangu ilipangwa na kijana wa Kitwe, upande wa Zambia, ambako mbio za magari zina historia ndefu (Satwant Singh, bingwa wa mbio za magari wa Afrika mara nyingi, ni wa nchi hiyo). Alikuja na kompyuta yake ya mapajani, tukatoka nayo barabara ya Likasi alfajiri kabla malori hayajajaa, mimi nakanyaga, yeye anasoma namba na kutikisa kichwa. Alishusha presha ya turbo. Farasi kadhaa wakaenda zao. Sikulia, maana injini iliyobaki ni ya kwangu na inafanya kazi.

Kuna jambo moja ambalo mji wetu unalisaidia gari hili, na watu hawalisemi. Tuko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake hapa. Turbo inaisukuma hewa ndani na kufidia sehemu kubwa ya hiyo hasara. Ndiyo maana ukitoka mjini kuelekea Kasumbalesa, yule wa gari kubwa la petroli lisilo na turbo anashangaa umepotelea wapi. Basi, nimejisifu, tuendelee.

Mafuta ya injini. Pima. Usiseme nilipima wiki ile, pima leo. Injini hii imelala, silinda zake ziko ubavuni, na inapenda kunywa mafuta kidogokidogo bila moshi wala taa kuwaka. Mimi napima asubuhi gari likiwa baridi, mahali palipo sawa. Kijiti chake kina tabia mbaya: unakichomoa, upande mmoja mafuta yamefika juu, ukikigeuza upande mwingine yako chini. Futa kwa kitambaa, rudisha, chomoa tena, na amini ule upande unaoonyesha kidogo. Watoto wangu wanajua hatuendi shule kabla baba hajafuta kile kijiti. Mke wangu anasema hata yeye siku hizi hapimwi homa mara nyingi hivyo.

Namwaga na kuweka mapya kila kilomita 5,000, mafuta mepesi ya 5W-40, na nayanunua mwenyewe. Nayanunua mwenyewe kwa sababu garaji moja ya mjini, jina lake silitaji, ilinipokea kwa kiti na Fanta baridi, na nilipoinuka kwenda kuangalia nikakuta mtoto wa kazi anamimina kutoka bidoni ya njano mafuta mazito ya malori. Nikamuuliza, akasema, "Papa, mafuta ni mafuta." Fundi mkuu akacheka. Tena alicheka mbele ya wateja. Nililipa, nikaenda kumwaga yote siku hiyohiyo kwa mekanisie (fundi) wangu wa komini ya Kamalondo, ambaye hana kiti wala Fanta, ana mwembe na funguo zake zimepangwa kwa namba. Yeye alinieleza kwanza kabla ya kushika: buji za gari hili ziko pembeni, zimebanwa karibu na chuma cha bodi, na mkono wa mtu mnene haupiti. Anazitoa kwa subira, anazipanga chini kwa utaratibu wa silinda, ananionyesha rangi ya kila moja. Mekanisie wa namna hiyo ukimpata, mlipe vizuri na umsalimie mkewe. Tena mwambie akuambie mkanda wa muda (timing belt), ule unaozifanya valvu zifunguke kwa wakati wake, ulibadilishwa lini. Ukifika kilomita 100,000 usibishane, badilisha. Ukikatika, valvu zinakutana na pistoni.

Na pima mafuta.

Vumbi letu jekundu la kiangazi mnalijua. Chujio la hewa nalifungua kila mwezi kuanzia Juni mpaka mvua ya kwanza. Joto nalo: kile kipozeo cha hewa ya turbo kimekaa juu ya injini, chini ya lile tundu la kapo (boneti) ambalo watoto wanalipenda. Gari likitembea, kinapoa. Kwenye barabara ya Chaussée de Kasenga saa kumi na moja jioni, gari haliendi, kinachemka pamoja na injini, na ambreyaji (klachi) yake ngumu inakumaliza goti. Foleni ikikatika usikanyage kwa hasira, iache ipumue kwanza. Ukifika nyumbani kutoka safari ndefu, kilomita mbili za mwisho zitembee polepole ili turbo ipoe kabla hujazima.

Mashimo na dodane (matuta) sitasema mengi. Unayapita kwa pembeni, tairi moja baada ya nyingine, na unaacha taksi-basi zipige honi mpaka zichoke. Marafiki wananikumbusha kwamba Colin McRae, dereva wa mbio, alishinda Safari Rally ya 1997 akiwa na Impreza kule Kenya (nchi, si komini yetu), kwenye mawe na tope. Ndiyo. Gari lake lilikuwa limejengwa kwa kazi hiyo, na mafundi walilisubiri na sanduku la vipuri. Langu nalisubiri mimi. Na ndugu, kama unafikiria Nissan GT-R, lile gari la mbio la chini, badala ya STI: tairi za inchi 20, za nyuma zenye ubavu mwembamba, na bampa iliyo chini kiasi kwamba hata paka anazunguka. Nunua kama barabara yako yote ni ya Golf, mtaa wa lami nzuri. Mimi naenda mpaka komini ya Ruashi.

Sasa usukani wa kuume. Tunaendesha upande wa kuume, gari la Japani nalo dereva amekaa kuume, yaani uko ukingoni mwa barabara, umejificha nyuma ya lori. Kwenye barabara ya Likasi, malori ya madini yakipangana, huoni kitu mpaka umetoka nusu ya gari. Ukiwa na nguvu ya STI mguuni, kishawishi ni kutoka tu. Mimi sitoki. Mama watoto anakaa kushoto na ndiye macho yangu: "Bado, papa. Bado. Iko ingine inakuya… ngoja… sasa, enda!" Sauti yake haipandi wala haishuki, na hajakosea. Nikiwa peke yangu, nabaki nyuma ya lori hata saa nzima, nikinusa matairi yake. Farasi 280 nyuma ya trela la shaba. Kwenye peaji, pale tunapolipia barabara, ni mchezo mwingine: dirisha la kulipia liko kushoto, wewe uko kuume, unajilaza juu ya kiti cha abiria na noti mkononi, mkanda unakukaba shingo, nyuma wanapiga honi. Vijana wa peaji wananijua, wananyoosha mkono ndani.

Niseme na lile linalouma, maana ndugu wa Kolwezi ameandika kwamba wanamcheka.

Mdogo wangu alipooa, familia ilikaa kupanga mahari. Nilitoa sehemu yangu, na sehemu yangu haikuwa ndogo. Baba mkubwa akahesabu noti, akaziweka chini, akasema mbele ya wote: "Huyu yeye iko na franka ya motokari ya kelele. Ya ndugu yake ndiyo hii?" Watu wakaangalia sakafu. Hakuna aliyesema kwamba gari nililinunua baada ya kumaliza nyumba, wala kwamba wenye Prado uani pale walitoa nusu yangu. Gari kubwa linaheshimika kwa sababu ni kubwa, hata kama ni la deni. Mpaka leo baba mkubwa akija nyumbani anauliza, "Ile motokari bado iko?", kama mtu anayeulizia mgonjwa wa jirani. Namjibu, "Iko, baba," namletea chai. Lakini neno lile nimelishika moyoni.

Kwa hiyo nakuambia, mdogo wangu, jenga kwanza. Lipa ada za watoto kwanza. Ukishalipa, usimwombe mtu ruhusa. Wanaume wengi wa mji huu wamezeeka ndani ya gari walilochaguliwa na maoni ya wajomba. Lakini nawe usiwape sababu: toa lile bomba la moshi la kelele alilofunga mwenye gari wa kwanza kule Japani, rudisha la kiwandani. Mimi nimerudisha, watoto wanalala, na kilio (msiba) kikitokea mtaani naweza kufika bila watu kugeuka. Usishindane na kijana anayenguruma pembeni yako kwenye taa nyekundu. Usimfundishe mtu gari hili barabarani, hata shemeji. Na franka: usimalize zote kwenye kununua. Kama una dola za kununua STI safi kabisa, tafuta ya bei ya chini kidogo yenye historia nzuri, na ile tofauti iweke kwa tairi, mafuta, mkanda, ambreyaji. Esansi nayo: mjini yangu inakunywa lita 15, 16 kwa kilomita mia, tangi ni la lita 60, piga hesabu kutoka nyumbani kwako mpaka mgodini kabla hujamwambia mkeo.

Mafuta ya injini nimeshasema. Pima.

Na jambo la rimu, maana ulitaja kwamba umeona seti nzuri za mtumba. Uliza kwanza gari lako ni modeli ya mwaka gani. STI mpaka ya 2004 ina bolti tano kwenye duara la milimita 100. Kuanzia modeli ya 2005 ni bolti tano kwenye milimita 114.3, na haziingiliani. Muuzaji atakuambia zinaingia, atachukua hata nyundo. Nenda na rula yako, na kama ukikwama nitumie picha ya upande wa nyuma wa rimu, pale namba zilipochongwa.