Nasoma mpaka saa nane usiku, kwenye pepa sikumbuki kitu

SWALI: Shikamoo anti. Niko form foo hapa Morogoro, NECTA ni Novemba. Kila siku napiga msuli mpaka saa nane usiku, miguu nimeitumbukiza kwenye beseni la maji nisisinzie, daftari la bailojia nimelisoma mpaka limechakaa na usiku ule naona kabisa nimeelewa, ila mock imekuja nikabaki nalitazama swali la moyo kama sijawahi kulisikia. Nimepata F mbili, bailojia na hesabu. Hesabu nataka niiache kabisa nikazane na mengine, unaonaje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza hilo beseni mrudishie mama afulie, saa nne na nusu uwe umelala, maana ubongo nao unapanga yale uliyosoma ukiwa usingizini.

Bidii unayo sana tu, shida unasoma bila kujiuliza. Mwaka 2006 kule Marekani wataalamu wawili, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi habari fupi, kuna walioisoma tena na kuna walioambiwa wafunike waandike wanachokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma ndo waliongoza, ila baada ya wiki wale wa kufunika wakawaacha mbali. Umeona? Ule usiku unaojiona umeiva ndo zile dakika tano.

Kwa hiyo soma mzunguko wa damu mara moja kwa utulivu, funga daftari, chukua karatasi tupu uchore moyo, uweke mishale damu inaingia wapi inatokea wapi, andika na majina ya valvu. Ukimaliza fungua daftari ujisahihishe kwa peni nyekundu. Hapo utaumbuka, na ndo vizuri, bora uumbukie nyumbani. Rudia keshokutwa, halafu wiki ijayo. Ukiona hushiki jielezee kwanza kwa Kiswahili mpaka uelewe, kisha uandike kwa Kiingereza kwa sababu pepa ndo linavyokuja.

Pasti pepa usisome majibu tu kama gazeti, weka saa uzifanye. NECTA wenyewe wanaweka kwenye tovuti yao, bure, uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali, mpaka mifano ya waliopatia na waliochemka, sijui kwa nini wanafunzi wengi hawaugusi.

Hesabu usiache! Angalia pepa za miaka ya karibuni, sekshen A ina maswali kumi, kila moja maksi 6, na D inaanzia 30, yaani maswali matano tu ukiyapata yote umeshatoka kwenye F. Chagua topiki chache unazoziweza, kama seti, reshio, takwimu, matriksi, kila siku fanya maswali mawili kwa mkono wako kabla hujagusa kingine, na siku ya pepa hata jibu likigoma usifute, acha hatua zako zote, maksi za njia zipo.