Picha nyeusi tii kwenye filamu za kutisha: usibadilishe projekta

Ndugu, umeuliza kama ubadilishe projekta kwa kuwa matukio ya usiku ya filamu za kutisha yanatoka meusi tii: kwa watazamaji 20 projekta yako inatosha. Nakala nyingi za filamu hizi za bajeti ndogo zilinakiliwa kutoka kanda za video za VHS, ndiyo maana matukio ya usiku hayaonekani. Ziba kwanza mwanga wote wa chumba, kisha pandisha kidogo gama (mpangilio unaong'arisha sehemu za kiza bila kugusa weusi wenyewe). Mpangilio wa mwangaza (brightness) usiuguse: weusi utageuka kijivu na chenga zitajaa. Uwiano wa upana na kimo cha picha uwe 4:3. Ukiivuta picha hadi 16:9, zimwi linanenepa na watu wanacheka pasipostahili (panapostahili pako pengi tu). Mtu akikimbia na kuacha mistari kama meno ya kitana, washa kichujio cha kuiondoa kwenye VLC, programu ya kuchezea video. Sauti za mono (za mkondo mmoja) zinatosheka na spika moja, chini ya skrini.