Hita ya lita 50: tanki nyuzi 60, bomba nyuzi 42

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba umefunga hita ya lita 50 katika nyumba yenye watu watano, mmoja wao mtoto anayeanza kutembea na mwingine mama yako mzee. Fundi aliyeifunga amekushauri uzungushe kidhibiti joto chake hadi mwisho, jirani anasema nyuzi 45 zinatosha na zitakuokolea umeme, nawe unataka kujua yupi yuko sahihi. Nimewahi kuufuata ushauri wa aina zote mbili hapa Iringa, ambako mwezi wa Julai maji ya bomba hunipimia nyuzi 18 alfajiri, na kila mmoja umenigharimu kwa namna yake. Nionavyo, wote wawili wanazungumzia joto la maji kana kwamba ni kipimo kimoja, ilhali nyumbani kuna joto la maji yaliyomo tankini na joto la maji yanayomfikia mtu mwilini, na hakuna sababu ya mambo hayo mawili kulingana.

Nianze na ushauri wa fundi, kwa kuwa ndio uliotuumiza. Hita yetu ilipokuwa mwisho, maji ya sinki la bafuni yalifika nyuzi 74, jambo ambalo nilikuja kulijua baadaye nilipoyapima. Binti yetu, wakati huo akiwa na miaka mitatu, alipanda juu ya kigoda akafungua koki ya maji ya moto peke yake, na kabla mama yake hajafika mlangoni ngozi ya mkono ilikuwa imeshababuka. Jirani mwenye nia njema alikuja na dawa ya meno, mwingine akaagiza ute wa yai. Tulisalimika kwa sababu nesi anayeishi nyumba ya tatu aliwazuia wote, akauweka mkono wa mtoto chini ya bomba la maji ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha ndipo tukaenda hospitali. Kovu limebaki, ila vidole vinafanya kazi.

Tangu siku hiyo nimekariri hesabu ambayo ningetamani fundi angenieleza. Maji ya nyuzi 70 humuunguza mtu mzima vibaya kwa takriban sekunde moja, ya nyuzi 60 kwa sekunde kama tano, na ya nyuzi 49 huhitaji dakika kadhaa, muda ambao mtu mwenye akili timamu na miguu yenye nguvu huwa ameshaondoka. Mtoto mdogo ana ngozi nyembamba, kwa hiyo huungua mapema zaidi ya hapo. Mzee naye ngozi yake imepungua unene, pengine hisia zimefifia kwa sababu ya kisukari, na hata akihisi moto hawezi kuruka pembeni upesi kwenye sakafu yenye sabuni.

Kwa hofu ile, nikaenda kwenye ushauri wa jirani yako. Niliishusha hita hadi nyuzi 45 na kuiacha hapo miezi minne. Kero ya kwanza ilionekana wiki ileile: mtu wa tatu kuoga alikuwa anatetemeka. Sababu ni ya kihesabu tu. Watu wengi huoga kwa maji ya nyuzi 40 hivi, na ukichanganya lita 50 za nyuzi 45 na maji ya baridi ya nyuzi 18 unapata kama lita 60 za kuogea, wakati lita hizohizo zikiwa na nyuzi 60 zinakupa zaidi ya lita 90. Kwa watu watano tofauti hiyo ndiyo ugomvi wa asubuhi.

Kero ya pili haionekani, nayo ndiyo iliyonifanya niachane kabisa na nyuzi 45. Wapo bakteria waitwao Legionella, waliopata jina hilo baada ya mwaka 1976, pale wanachama wa chama cha askari wastaafu wa Marekani walipougua nimonia kali baada ya kuhudhuria mkutano wao katika hoteli moja mjini Philadelphia na kadhaa wao wakafariki. Bakteria hao huishi majini na hustawi kati ya nyuzi 20 na 45, hasa maji yakituama. Mtu haugui kwa kuyanywa kama ilivyo kwa kipindupindu, bali kwa kuvuta pumzi yenye matone madogo sana ya maji, na bomba la mvua ni mashine ya kutengeneza matone hayo. Walio hatarini zaidi ni wazee, wavutaji sigara na wenye maradhi ya mapafu au kinga dhaifu. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya moto yahifadhiwe kwa nyuzi 60, joto linalowaua wengi wao ndani ya dakika chache, na yasishuke chini ya nyuzi 50 yanaposafiri kwenye mabomba. Sisemi kwamba kila tanki la nyuzi 45 lina ugonjwa, lakini nikiwa na mama mzee ndani ya nyumba sioni sababu ya kuwatengenezea bakteria hao makao.

Sasa umeme, ambao naona ndio uliokusukuma kuuliza. Kupasha lita moja ya maji kwa nyuzi moja huhitaji takriban wati-saa 1.16, iwe hita ya bei ghali au ya bei rahisi. Mtu akioga lita 30 za nyuzi 40 kutoka maji ya nyuzi 18, ametumia uniti 0.77 (uniti moja ni wati-saa 1,000), ambazo kwa bei ninayolipa mimi, shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi na tozo, ni kama shilingi 270. Hapa ndipo wengi wanapokosea: kiasi hicho ni kilekile tanki likiwa na nyuzi 75 au 50, kwa kuwa la moto zaidi hutoa maji machache yanayochanganywa na ya baridi mengi. Kinachobadilika ni joto linalovuja kwenye kuta za tanki wakati hakuna anayeoga. Nililipima tuliposafiri, nikiacha hita peke yake imewashwa na kusoma mita ya LUKU kabla na baada: kwenye nyuzi 74 ilikula uniti 1.5 kwa siku, na safari nyingine kwenye nyuzi 60 ikala 1.1. Tofauti hiyo kwa mwezi ni uniti 12, yaani kama shilingi 4,300. Kushuka kutoka 60 hadi 45 kungeokoa kiasi kama hicho tena. Si haba, ila linganisha na hili: bomba la mvua linalotoa lita tisa kwa dakika, mtu akisimama chini yake dakika kumi, ni lita 90 na zaidi ya shilingi 800 kwa mara moja, wakati mama yangu anayeoga kwa ndoo ya lita 20 na kopo hafikishi shilingi 200. Kijana wetu wa kidato cha tatu alikuwa anatugharimu kuliko kidhibiti joto.

Nikuondolee pia tumaini moja. Kama ulikuwa unanunua umeme wa matumizi madogo, ule wa uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, watu watano wakioga maji ya moto kila siku hutumia uniti zipatazo 115 kwa kuoga peke yake, na hakuna namna ya kuzungusha kidhibiti itakayokurudisha huko.

Nilichofanya hatimaye ni kuweka tanki nyuzi 60 na kufunga valvu ya kuchanganya maji kwenye bomba linaloingia bafuni, ambayo hupokea ya moto na ya baridi na kutoa nyuzi 42 bila kujali nani amefungua koki. Iringa sikuipata, niliiagiza Kariakoo ikaja kwa basi, na fundi bomba aliifunga kwa saa mbili. Ukikosa valvu hiyo, bado ningeweka tanki nyuzi 60, kisha ningezuia mkono wa mtoto kwa njia nyingine: koki ngumu, mlango wa bafuni unaofungwa, na sharti kwa kila anayemwogesha, dada wa kazi akiwemo, kwamba maji ya baridi hutangulia beseni, ya moto hufuata, na kiwiko huingia kabla ya mtoto.

Kuzima hita mchana hakuna ubaya, mradi inapowashwa iachwe mpaka ijizime yenyewe ndipo mtu aoge. Yetu ya wati 1,500, ikianza na maji baridi kabisa, huhitaji kama saa moja na dakika 40, kwa hiyo huwashwa saa kumi alfajiri. Mkirudi safari ya wiki mbili, ipasheni kikamilifu, fungueni dirisha, kisha mwage maji ya bomba la mvua dakika chache bila mtu kusimama karibu. Na ile valvu ya usalama inayodondosha maji hita ikipasha, usiizibe: lita 50 zikitoka nyuzi 18 hadi 60 hutanuka kwa robo tatu ya lita, na maji hayo lazima yapate pa kwenda.

Umesema kidhibiti chako hakina namba, kina mstari tu unaonenepa. Changu pia ni hivyo. Nunua kipimajoto cha jikoni, subiri hita ijizime alfajiri kabla mtu hajatumia maji, fungua koki iliyo karibu zaidi na tanki kwa dakika moja, kinga kwenye kikombe upime. Ukikuta 68, rudisha nyuma kidogo upime tena kesho yake, kwa sababu siku hiyohiyo tanki bado lina maji ya moto ya jana na litakudanganya. Mimi ilinichukua siku tatu kuipata 60, nikaiwekea alama ya rangi ya kucha ya mke wangu.