Kupaka upya behewa dogo la mizigo na kulichakaza

Nimekuelewa: behewa lako la treni ndogo ya mfano ni la plastiki, linang'aa mno, na unataka liwe la kahawia lililochoka kwa kazi, ila unaogopa kuliharibu. Linawezekana kabisa.

Toa magurudumu na viunganishi kwanza. Kama rangi ya zamani ni nyembamba, huna haja ya kuibandua. Osha kwa sabuni, acha likauke, usilishike tena kwa vidole vitupu. Ukilazimika kuibandua, jaribu alkoholi ya isopropili upande wa chini usioonekana, maana baadhi ya plastiki hudhoofika.

Rangi ipake tabaka jembamba, kisha jingine. Ukiipaka nzito, misumari na mistari ya mbao iliyoigizwa kwenye plastiki itafukiwa, na uzuri wote uko hapo. Maandishi ya kubandika yanataka uso unaong'aa, kwa hiyo vanishi ing'aayo hutangulia, kisha maandishi, na isiyong'aa hufuata.

Uchakavu ndio utamu wenyewe. Tazama picha za mabehewa halisi: kutu huanzia kwenye maungio na kuchuruzika kuelekea chini, vumbi hukaa karibu na magurudumu. Kwa kutu, rangi ya akriliki iliyozimuliwa sana ivutwe kwa brashi kutoka juu kwenda chini. Kwa vumbi, unga wa chaki upake mzito kidogo, kwani vanishi ya mwisho huufifisha.

Ukipuliza rangi, vaa barakoa ya kuzuia mvuke na fungua madirisha. Behewa kuukuu la mfano la chuma usilisugue kwa msasa mkavu. Rangi yake huenda ina madini ya risasi, ambayo ni sumu.