Shangazi, mama mkwe ananihesabia vidonge

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 34, mama wa mtoto mmoja, nipo Newala. Mwaka juzi niligundulika na saratani ya damu, nikapelekwa Ocean Road, hospitali ya saratani kule Dar, nikaanzishiwa vidonge vya imatinibu, kimoja kwa siku. Shangazi, vinanitesa. Asubuhi naamka macho yamevimba mpaka majirani wanasema mume wangu ananipiga. Sikutaka kuwaeleza mambo yangu, nikanyamaza. Usiku misuli ya miguu inakaza, napiga kelele; mume wangu amehamia kulala sebuleni, nahisi ana lake jambo. Tumbo linachafuka kila nikimeza na chai yangu ya alfajiri. Kwa hiyo kuna wakati navipumzisha siku tatu nne, hasa kukiwa na shughuli, maana siwezi kwenda kumtoa mwali na uso ule.*

*Mama mkwe amehamia kwetu tangu msimu wa korosho. Kila siku uji, kila siku "mkamwana, umemeza?" Juzi nimemkuta kitandani anahesabu vidonge vyangu kimoja kimoja kama ananidai. Nikamwambia mume wangu achague, mimi au mama yake. Akasema mama habanduki. Safari iliyopita daktari alisema namba zangu zimepanda, huenda dawa haifanyi kazi tena, atanibadilishia. Nifanye nini na huyu mama?*

Marahaba, mwanangu. Pole. Ugonjwa hukuuomba, na miguu kukaza usiku si maigizo, inauma kweli. Hiyo pole ishike, maana mbele huenda usiione nyingine.

Nimetafuta kosa la mama mkwe katika barua yako sijalipata. Mama wa watu kaacha nyumba yake msimu wa korosho, wakati kila mkono unatakiwa shambani, akaja kukupikia uji na kukuuliza umemeza. Kisha akahesabu vidonge. Hukuniandikia alipata hesabu gani, na hapo ndipo nilipokushtukia. Kama vingetimia ungeniandikia kwa herufi kubwa kwamba kahesabu na kaaibika. Vilizidi, ndiyo maana unataka aondoke.

Sasa nikupe hesabu ambayo si ya mama mkwe. Mwaka 2010 madaktari wa London walichapisha utafiti wa wagonjwa 87 wenye ugonjwa kama wako, wanaomeza dawa hii hii. Makopo yao yaliwekwa vifuniko vyenye kifaa kinachorekodi kila mara kopo linapofunguliwa. Waliomeza zaidi ya asilimia 90 ya vidonge vyao, karibu wote ugonjwa ulishuka kwa kiwango kinachotakiwa. Kwa waliomeza asilimia 80 au chini, hakuna hata mmoja aliyefika huko. Mwezi una siku 30. Ukiruka tatu umeshagusa 90. Ukiruka sita upo 80. Wewe "unavipumzisha" siku tatu nne kila penye shughuli, na msimu wa unyago huko kwenu shughuli haziishi. Wenzako iliwabidi wawekewe mitambo kwenye kifuniko. Wewe umeletewa mama mkwe, na uji juu, halafu unamnunia.

Kubwa kuliko yote umelipitia haraka haraka mwishoni. Daktari kakwambia namba zimepanda, anafikiria kukubadilishia. Ninavyokusoma, alikuuliza kama unameza kila siku nawe ukajibu ndiyo. Mwanangu, umemdanganya mtu anayeshika maisha yako. Yeye sasa anaamini dawa imeshindwa, kumbe dawa haijapewa nafasi. Zipo nyingine za kupanda nazo, nilotinibu na dasatinibu, lakini kuzipata ni kazi kuliko hii uliyozoea kupewa, nazo zina maudhi yake. Nilotinibu humezwa mara mbili kwa siku, tumbo likiwa tupu, saa mbili kabla hujala na saa moja baada ya kumeza huli kitu. Kimoja kwa siku kimekushinda, hivyo utavimudu wapi? Na imatinibu si dawa ya kuchezea. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2001, na kabla yake wengi wenye ugonjwa huu walihesabiwa miaka michache. Leo mtu anayeimeza vizuri analea wajukuu.

Tuje kwenye mateso, maana mengi yana dawa yake kwa anayesema.

Tumbo kwanza. Kidonge hiki humezwa na chakula cha kushiba na glasi kubwa ya maji. Chai kavu ya alfajiri si chakula, hapo unajichokoza mwenyewe. Ule uji unaoukimbia ndio ulikuwa mwenzake wa kidonge! Kama asubuhi chakula hakipandi, mwombe daktari akuhamishie kwenye mlo mkubwa wa jioni, ila usimeze ukajitupa kitandani papo hapo. Ramadhani ikifika, kidonge kimoja kwa siku kinaweza kumezwa wakati wa futari, lakini mwambie daktari mapema, na akikukataza kufunga usifunge; mgonjwa ana ruhusa yake katika dini. Ukitapika baada ya kumeza usirudie kingine, subiri cha kesho. Ukisahau siku moja, usimeze viwili kesho yake kufidia.

Macho. Dawa hii hukusanya maji mwilini, na penye ngozi laini kama kuzunguka macho ndipo yanapoonekana, asubuhi hasa. Punguza chumvi, na ng'onda pia, yule samaki mkavu. Najua kwa mtu wa kusini hili ni gumu. Inua mto unapolala. Daktari anaweza kukupa kidonge cha kupunguza maji kama imezidi. Ila ukiona uzito umepanda ghafla, miguu imejaa au pumzi inabana, usisubiri tarehe ya kliniki, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo ukipata homa, ukitoka damu bila sababu au macho yakiwa ya njano.

Miguu kukaza wanaipata wengi wanaomeza dawa hii. Kunywa maji ya kutosha, nyoosha misuli kabla ya kulala, mwombe daktari apime madini kwenye damu. Mumeo hana "lake jambo". Mtu anapigwa mateke usiku kucha na kesho anaamkia shambani, atalala wapi?

Na dawa nyingine yoyote utakayopewa, taja hii kwanza. Rifampisini ya kifua kikuu huipunguza nguvu, balungi huipandisha kwenye damu kuliko inavyotakiwa. Mizizi ya kusafisha damu, ambayo nina hakika shoga mmoja ameshakuletea, mwonyeshe daktari kabla hujaionja. Mimba nayo usishike ukiwa kwenye dawa hii, inaweza kumdhuru mtoto. Mkitaka wa pili nendeni wote wawili mkamwambie daktari kwanza, kuna namna ya kupanga. Usije ukaacha dawa kimya kimya ukajiita mwenye bahati.

Sasa mumeo. Hapa nimekasirika, sikufichi. Majirani wanasema anakupiga, wewe ukanyamaza. Yaani mwanamume anatembea Newala nzima kwa jina la mpiga mke, msikitini anatazamwa, ghalani anatazamwa, na wewe unajua ukweli ukaumeza. Huo ndio ungekuwa wa kutema, kidonge ndicho cha kumeza, wewe umegeuza. Halafu nauli. Newala hadi Dar ni safari ya kutwa, kuna chakula, kuna pa kulala, na hukuandika popote nani analipa. Mwanamke anayejilipia mwenyewe angeniandikia mstari wa kwanza.

Ndoa za siku hizi zimenichosha. Mtu anaweka kwenye simu picha ya pilau, ya kanga mpya, ya mguu wenye hina, watu 200 wanaijua sahani yake ya mchana, lakini mume chumba cha pili hajui kama kidonge cha jana kilimezwa. Siku hizi kila kitu ni "mambo yangu". Sisi tulipowekwa ndani tulifundishwa kusitiri siri za nyumba zisitoke nje. Hatukufundishwa kuwaficha walio ndani. Na huu mtindo wa "chagua mimi au mama yako" sijui mmeutoa wapi, labda kwenye tamthilia. Mwanamume mwenye akili akiulizwa hivyo anajibu kama alivyojibu mumeo, na angejibu vingine ningekuambia umwogope, maana kwa anayemtupa mama yake, mgonjwa wa kutupwa kesho ni wewe. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua.

Fanya hivi. Usingoje tarehe, piga simu kliniki kesho useme kwa kinywa chako: nilikuwa naruka vidonge, siku kadhaa kwa mwezi, kwa sababu ya macho, miguu na tumbo. Hawatakupiga. Kabla hawajakubadilishia dawa wakuache uimeze hii sawasawa, kisha wapime tena. Waulize pia kama vipimo vya kawaida vya damu vinaweza kufanyika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, Mtwara, upunguze safari. Na usisafiri ukiwa umebakiwa na kidonge cha mwisho. Mei 2024, kipindi cha kimbunga Hidaya, barabara ya Dar ilikatika huko Kilwa na abiria wakakwama.

Vidonge mkabidhi mama mkwe. Avitunze mahali pakavu mbali na jiko, akupe kimoja na bakuli la uji, akutazame ukimeza. Mwombe radhi kwanza, kwa adabu, usimrushie neno ukiwa mlangoni.

Kwa majirani nenda mwenyewe, usimtume mtoto. Waambie ni dawa.